Mbwa wanabwekea jirani, mwizi akiingia wananyamaza: kwa nini?

Nyota_wa_Himbi
Salamu wana uzi. Avenyu yetu hapa Himbi, Goma, ina mbwa karibu kila parseli. Mbeba maji akipita na bidoni, wanabweka. Mtoto wa shule, wanabweka. Pasta wetu wanamjua tangu wakiwa vitoto, bado wanambwekea mpaka anageuza njia. Juzi usiku wezi waliingia kwa jirani, wakatoboa mbao nyuma ya jiko, wakabeba batri ya sola, redio na sufuria mbili. Sufuria moja ilikuwa na maharage ya kesho yake. Maharage wakayamimina kwenye beseni, beseni wakalifunika na sinia, sufuria wakaenda nayo. Muda wote huo hakuna mbwa aliyefungua mdomo. Si wa kwake, si wa kwetu, si wa ng'ambo ya barabara.
Dai langu: mbwa tunafuga kwa mazoea tu, ulinzi hawana. Nipingeni.

Papa_Chukudu
Sipingi, nauliza. Mtu wa mbali, gizani, amejuaje beseni liko wapi na sinia liko wapi? Huyo amekula kwenye hiyo nyumba. Mbwa wamenyamaza kwa sababu amekuja mtu wao. Angalieni nani alikuwa anawatupia makombo, halafu akaacha kuonekana mtaani.

Bahati_Birere
Uyu mwizi iko na adabu kupita wakwe zangu. Bale wakikuja, maharage inaisha na beseni inapotea.

MamaNeema_Kadutu
Mimi niko Bukavu. Nyota, kabla hatujatafuta mchawi: usiku huo mvua ilinyesha? Hapa kwetu nyumba zimepandana mlimani, bati linagusana na bati. Mvua kubwa ikianza, hata mume wangu akiniita kutoka sebuleni simsikii. Wezi wa Kadutu hawatembei usiku wa nyota, wanangoja wingu. Mbwa anaweza kubweka mpaka koo likauke, wewe uko chini ya bati husikii kitu. Asubuhi unasema mbwa alinyamaza. Nani amekwambia alinyamaza?

Nyota_wa_Himbi
Mama Neema, mvua ilikuwepo, kuanzia kama saa nane. Lakini mama mwenye nyumba ya pili alikuwa macho anahamisha mabeseni kwa sababu bati lake linavuja. Anasema mbwa wake alikuwa amelala chini ya kibaraza, anamwona kwa tochi, ametulia kabisa.

MamaNeema_Kadutu
Basi na yeye mbwa ana akili. Nani anatoka kwenye mvua kwa ajili ya redio ya jirani?

Lushois_243
Jambo wote, toka Lubumbashi. Mnasahau kwamba kwetu Kongo ndiko kwenye basenji, mbwa asiyebweka. Ni damu hiyo. Mbwa wetu wengi wamechanganyika na basenji, ndiyo maana wakati wa hatari sauti haitoki. Si kosa lao.

Dokta_Mifugo
Lushois, umeanza vizuri ukamalizia porini. Basenji yupo kweli na asili yake ni bonde la Kongo. Ni mbwa wa wawindaji wa msituni. Kwa kuwa habweki, humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie yuko wapi. Waingereza walifanikiwa kumchukua na kumzalisha kwao miaka ya 1930. Lakini hata yeye si bubu: analia kwa sauti ya kupandisha na kushusha, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Mbwa wa Himbi anayebwekea pasta kila Jumapili hana shida ya sauti. Anachagua.

Na kuchagua kwenyewe nitakueleza, maana nimetibu mbwa wa mji huu muda mrefu. Mbwa akimbwekea mbeba maji, yule mtu anafanya nini? Anaendelea na njia yake, bidoni ni nzito. Mbwa hajui habari za bidoni. Anachoona ni hiki: nimebweka, ameondoka. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Kwa hesabu yake ameshinda vita kila asubuhi. Mwizi haondoki. Anachuchumaa, hamtazami machoni, anatupa kipande cha samaki. Mbwa anakutana na jambo ambalo somo lake la kila siku halikumfundisha.
Halafu kuna sisi. Mbwa anabweka saa saba usiku, baba anafungua dirisha, anarusha kandambili. Rusha kandambili mara nyingi na wewe utakuwa umemfundisha kunyamaza usiku.

Lushois_243
Dokta, wewe umesoma, mimi nimeona. Babu yangu alikuwa na mbwa pande za Kasenga, hakubweka hata siku moja mpaka alipokufa.

Bahati_Birere
Nani alikufa, babu ao mbwa?

Zamu_Mstaafu
Nimelinda nyumba za watu kule Golf, Lubumbashi, mpaka magoti yakakataa. Niwaambie tulichokuwa tunakijua sisi mazamu. Mwizi wa kazi haogopi mbwa. Anaogopa taa inayowaka baada ya mbwa kubweka. Kwanza anatupa kajiwe juu ya bati, anarudi gizani, anangoja. Mbwa anabweka. Tochi ikiwaka, au mtu akikohoa tu, anahamia parseli nyingine. Kama hakuna aliyeamka, anatupa tena. Mbwa anabweka kidogo. Mara ya tatu mbwa anainua kichwa tu, kwa sababu ameona wenye nyumba hawajali na yeye atajali kwa nini? Hapo ndipo ukuta unapandwa.
Mbwa anamsoma zamu. Zamu akiwa anatembea, mbwa anatembea. Zamu akijifunika koti pembeni ya jiko la makala, mbwa naye anatafuta pa joto. Mabosi wengine walinunua mbwa mkubwa wa dola nyingi, wakapunguza zamu mmoja. Walikuwa wameondoa nusu ya mbwa.

Furaha_Majengo
Muzee Zamu, hapo umenikumbusha jambo. Kwetu Majengo mbwa wachache, tunategemea sufuria. Mtu akisikia kitu anapiga sufuria na mwiko, jirani anadaka, filimbi zinaingia, mwingine ana vuvuzela, katika dakika chache kartye nzima inalia. Wezi wamekimbia mara nyingi kwa hiyo. Lakini ni kile kile ulichosema: sufuria ikilia watu wanaamka, taa zinawaka. Mbwa akilia, tunageuka upande wa pili wa kitanda.

Kijana_Ndosho
Nimesoma maelezo yote, mazuri. Lakini kuna swali hakuna aliyeuliza. Mbwa wa Nyota wamebweka usiku mara ngapi mwaka huu? Katika hizo, mara ngapi kulikuwa na mtu nje ya ukuta ambaye aligeuka akaenda zake? Hatujui na hatutajua, kwa sababu mwizi aliyeghairi haachi alama. Hakuna anayekuja humu kufungua uzi wa "jana mbwa alibweka, hatukuibiwa". Tunauona ule usiku mmoja wa kimya kwa sababu una tundu ukutani. Ili useme mbwa hawalindi, linganisha parseli zenye mbwa na zisizo na mbwa, avenyu ile ile, mwaka ule ule.

Bahati_Birere
Hesabu ya chuo ni muzuri sana. Batri njo haiko.

Papa_Chukudu
Kijana ana hoja, lakini anaikwepa yangu. Sinia juu ya beseni. Jibuni hilo.

Mwamini_Keshero
Mnazunguka mbali. Wezi wanatumia dawa. Wanachukua udongo wa kaburi, wanarusha juu ya nyumba, mtu na mbwa wote usingizi wa mawe. Shangazi yangu alibebewa mpaka godoro alilolalia, akaamka yuko kwenye sementi.

Furaha_Majengo
Mwamini dada yangu, kama dawa ipo, sufuria za Majengo zinawakimbizaje? Wangerusha kwenye kartye nzima tukalala wote.

Mwamini_Keshero
Kartye ni kubwa, makaburi ni madogo.

Dokta_Mifugo
Mara nyingine "dawa" ni dawa kweli. Nimeletewa mbwa asubuhi, povu mdomoni, wanatetemeka, wamelishwa sumu. Wengine walipona, wengi hapana. Mbwa akiwa amelala fofofo saa tatu asubuhi baada ya wizi, usimwite mvivu. Mpeleke aangaliwe, na usiguse nyama iliyobaki kwa mkono mtupu.

Sauti_ya_Katoyi
Naongeza kitu ambacho kinaniuma. Mbwa wangu Simba alikuwa mkali, kila mtu Katoyi anajua. Mwezi wa kwanza 2025, zile siku za masasi, aliingia chini ya kitanda akakaa humo, hakula. Nilimsukumia maji kwa bakuli na fimbo ya ufagio. Alipotoka hakuwa yule. Sasa mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu anarudi chini ya kitanda. Mtu akiruka ukuta wetu leo, Simba atamwachia nyumba. Mimi sidhani tunaongea juu ya tabia ya mbwa tu. Huu mji wote una masikio mabovu sasa, hata watu. Zamani risasi moja tulikuwa tunatoka kuuliza. Siku hizi mtu anaongeza sauti ya redio.

Msimamizi
Pole, Sauti. Wengine: hilo la 2025 liishie kwenye mbwa na watu. Siasa ina nyuzi zake.

Nyota_wa_Himbi
Pole sana, Sauti. Kwa kweli sikuwa nimefikiria hiyo. Mbwa wa ng'ambo, yule mweusi, naye tangu wakati ule hutembea amekunja mkia.

Lushois_243
Lakini mbwa hao hao mnaosema hawajui kitu, mlisema nyinyi wenyewe kwamba walijua volkano inakuja. Ndugu zangu wa Goma waliniambia 2021 mbwa walilia kutwa nzima.

Furaha_Majengo
Ni kweli. Tarehe 22 Mei, Jumamosi. Mbwa wa jirani alilia tangu mchana, ule mlio mrefu wa msiba. Jioni mbingu ikawa nyekundu upande wa Nyiragongo, watu wakaanza kukimbilia mpakani, wengine barabara ya Sake.

Kijana_Ndosho
Yaya Furaha, kwa heshima zote: Ijumaa mbwa huyo hakulia? Na Alhamisi? Mbwa wa Goma wanalia kila siku. Siku mlima ukifunguka, kilio cha siku hiyo kinapanda cheo.

Furaha_Majengo
Mimi najua nilichosikia, wewe ulikuwa unacheza mpira.

Kijana_Ndosho
Ni kweli nilikuwa uwanjani. Lakini fikiria: hata mashine zilizofungwa mlimani zilionyesha ishara za wazi muda usiofika saa moja kabla lava haijatoka. Mwaka 2002 ilikuwa tofauti, mitetemeko ilitangulia kwa miezi, ndipo tarehe 17 Januari lava ikashuka mpaka katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Kwa hiyo mlima hautoi taarifa namna moja kila mara. Mbwa atasikiaje kitu ambacho hakijaanza?
Wachina walipata sifa mwaka 1975 kwa kuhamisha watu wa Haicheng kabla ya tetemeko, na nyoka waliotoka mashimoni wakati wa baridi wakatajwa sana. Lakini pale kulitangulia mitetemo midogo mingi. Mwaka uliofuata Tangshan ikaanguka bila onyo, wakafa zaidi ya watu 240,000.

Dokta_Mifugo
Usifunge mlango haraka, kijana. Baada ya tetemeko kubwa la Italia la Oktoba 2016, watafiti wakiongozwa na Martin Wikelski wa taasisi ya Max Planck, Ujerumani, waliwavisha ng'ombe, kondoo na mbwa wa shamba moja vifaa vya kupima mwendo. Walipotoa matokeo mwaka 2020 walisema wanyama wakiwa pamoja zizini walihangaika isivyo kawaida hata saa 20 kabla ya baadhi ya mitetemo. Ni shamba moja, wanyama wachache, na wanasayansi wengine hawajaridhika. Lakini si hadithi ya kijiweni. Kinachojulikana bila ubishi ni kidogo zaidi: tetemeko hutuma wimbi dogo la haraka mbele ya lile kubwa linaloangusha vitu. Mnyama analihisi sekunde kadhaa kabla yako. Sekunde, si kutwa nzima.

MamaNeema_Kadutu
Hilo la sekunde naliamini. Bukavu, 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, kama saa tatu na nusu. Nilikuwa nimebaki nyumbani na mtoto mchanga. Kuku walikuwa wanadonoa mchele uani. Wote wakainua vichwa kwa pamoja, wakasimama mguu mmoja juu. Nikawaza, kuna mwewe? Nikatazama angani. Hapo ndipo ardhi ikaja. Sahani zilitoka kabatini moja moja, na ukuta wa jirani ukalala kwenye mihogo yangu. Ng'ambo, Rwanda, ndiko watu wengi zaidi walikufa.

Papa_Chukudu
Kuku wa Mama Neema ni hodari kuliko mbwa wote wa Himbi.

Sauti_ya_Katoyi
Mwaka 2021 ule, walipotuamuru kuondoka tarehe 27, tulikwenda Sake kwa miguu, mbwa tukamwacha na sufuria ya ugali. Tuliporudi hakukosekana kitu. Alitubwekea sisi wenyewe mlangoni mpaka mke wangu akamwita jina. Kwa hiyo, Nyota, wapo wanaolinda.

Mwamini_Keshero
Tusisifie pua ya mbwa kupita kiasi. Kwetu mazuku huua mbwa kabla ya mtu. Nilishuhudia mbuzi amefungwa kwenye kibonde, asubuhi hakuna upepo, amelala kama anayecheua, kumbe amekwisha. Mbwa akaenda kumnusa, akalala pembeni. Mwenye mbuzi akainama kufungua kamba, akasema kichwa kinazunguka. Tukamvuta kwa shati.

Dokta_Mifugo
Mlifanya vyema kumvuta mkiwa juu, bila kushuka wote. Kwa wasioujua: mazuku ni gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini pande hizi za kaskazini mwa Ziwa Kivu, Goma kuelekea Sake. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, inajaa kwenye mabonde kama maji, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Mtu mzima akisimama, pua yake iko juu ya gesi hiyo. Mbwa, mbuzi na mtoto anayetambaa wako ndani yake. Ndiyo sababu wanaanza wao. Hapo mbwa hajashindwa kunusa kwa uzembe, hakuna cha kunusa.

Zamu_Mstaafu
Mnasifia kuku, mimi nasifia bata bukini. Bosi wangu mmoja, mzee wa Kigiriki, alikuwa nao uani. Akipita hata panya, kelele mpaka barabarani. Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya Roma: mwaka 390 kabla ya Kristo Wagali walipanda ngome ya mjini usiku, mbwa wakanyamaza, bukini wa hekaluni wakapiga kelele, askari wakaamka. Anasema Warumi waliwaadhibu mbwa kila mwaka baada ya hapo.

Nyota_wa_Himbi
Kumbe malalamiko yangu ni ya zamani hivyo!

Furaha_Majengo
Bata bukini? Jamaa yetu wa Sake alikuwa nao. Wezi waliiba bata kwanza.

Papa_Chukudu
Na kanga je? Wanalala juu ya mti, hawafikiwi kirahisi.

Furaha_Majengo
Kanga wanapiga kelele kwa kila kitu. Wiki ya pili hutawajali tena, kama usivyowajali mbwa.

Dokta_Mifugo
Kabla hamjaongeza wanyama uani, nitupe neno la kazi yangu. Mnaogopa mwizi, lakini mbwa wenyewe wamechanjwa? Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi. Dalili zikishaanza hakuna kupona. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa sindano. Wengi mnaweka mafuta ya gari au pilipili. Acheni.

Bahati_Birere
Mafuta ya gari iko ya pikipiki, dokta. Bei imepanda.

Fundi_Antivoli
Mimi kazi yangu ni kuchomelea antivoli, vile vyuma vya madirisha vya kuzuia wezi. Baada ya kila wizi napata oda, kwa hiyo uzi huu unanilisha, asanteni. Ila nisikilizeni. Watu wananiambia: fundi, ziba kila dirisha, mlango mmoja wa chuma, kufuli nje na ndani. Nyumba za mbao, mshumaa juu ya kopo, jiko la makala karibu na pazia. Bukavu mnajua mioto inavyokula nyumba mlimani, moja ikishika zinafuatana. Mwizi anakuchukulia redio. Kufuli ambalo ufunguo wake hujui uko wapi saa nane usiku linachukua watoto.

MamaNeema_Kadutu
Fundi amesema. Kwetu tulivunja antivoli kwa nyundo kutoa bibi wa watu. Vyuma vilikuwa imara kweli, sifa kwa aliyechomelea.

Nyota_wa_Himbi
Sasa tufanyeje, fundi? Jirani ameshasema anataka kuziba madirisha yote manne.

Fundi_Antivoli
Aache moja, la chumba wanacholala watoto. Namwekea antivoli yenye bawaba, inafunguka kwa ndani, komeo la kusukuma bila kufuli, mbali na kioo ili mkono wa nje usifike. Hata mtoto wa darasa la kwanza alifungue gizani. Mfundisheni, mara moja kwa mwezi, taa zikiwa zimezimwa.

Papa_Chukudu
Na yule anayejua beseni liko wapi, si atajua na komeo liko wapi?

Fundi_Antivoli
Muzee, huyo hata nikizungushia nyumba reli ya treni ataingia, maana mtamfungulia wenyewe mlango na kumpa kiti. Nyota, mwambie jirani apime urefu na upana kwa mita, aniandikie pembeni. Asipime kwa shubiri kama yule wa Ndosho, dirisha lake bado liko kwangu, halitoshi kokote.

Kijana_Ndosho
Yule ni mjomba wangu. Anasema dirisha ni sawa, ukuta ndio ulipimwa vibaya.